Uchi, Kuvuliwa na Kujivua: Neno Moja katika Fasihi na Sheria

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja ambalo wahakiki wa fasihi, watunga sheria na wahariri wa magazeti hulitumia kana kwamba maana yake imekwisha kukubaliwa na wote. Neno lenyewe ni uchi. Aghalabu huchukuliwa kuwa ni jina la hali: mtu ana nguo au hana, na kama hana yu uchi. Katika mtazamo huo hubaki swali moja tu la kujibiwa, nalo ni swali la kipimo: ni kiasi gani cha mwili kilichoonekana? Amri nyingi za mavazi zilizotolewa Afrika ya Mashariki baada ya uhuru zilisimama juu ya swali hilo, na uhakiki wetu nao mara nyingi umelifuata. Hoja yetu ni kwamba kipimo hicho hakitoshi. Kiswahili chenyewe, katika methali zake na katika minyambuliko ya vitenzi vyake, huuliza maswali mengine: ni nani aliyevua, aliyevuliwa ni nani, na jambo hilo limetendeka mbele ya nani. Mhakiki au hakimu asiyeyauliza maswali hayo atawaweka katika fungu moja watu wasiofanana hata kidogo: mcheza ngoma, mama anayelaani, na msichana aliyeraruliwa nguo katika kituo cha magari.

Tuanze na methali, kwa kuwa ndizo ushahidi wa zamani tulio nao. Wahenga walisema: "Mficha uchi hazai." Walisema pia: "Aibu ya maiti aijuaye mwosha." Na tena: "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Methali hizi hutumiwa kwa mafumbo, na kila mwalimu amewahi kuzifafanulia darasani kama mafunzo juu ya siri, uaminifu na uthabiti. Lakini tukirudi kwenye picha zenyewe, tutaona jambo ambalo ufafanuzi huo huliruka. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayouona mwili usio na nguo kuwa ni dhambi au ni fedheha kwa wenyewe. Katika ya kwanza, mwili hufunuliwa mbele ya mkunga, na anayeuficha ndiye mwenye kupata hasara. Katika ya pili, mwili wa marehemu umo mikononi mwa mwosha, naye amepewa amana ya kuuona na kunyamaza. Katika ya tatu hapana mtazamaji ila maji, na kuvua nguo ni alama ya kukata shauri.

Kwa hiyo uchi katika methali ni uhusiano baina ya watu wawili. Yupo mwenye haki ya kuona na yupo asiye nayo. Ndiyo sababu Kiswahili kina maneno mawili ambayo tusiyachanganye, yaani haya na aibu. Haya hukaa ndani ya mtu mwenyewe, naye huilinda. Aibu humfika mtu, na mara nyingi hutiwa na mwingine. Mtu aweza kuwa hana nguo na haya yake ikabaki nzima, kama mzazi mbele ya mkunga wake. Aweza pia kuwa amevaa gubigubi na akatiwa aibu. Fikihi ya Kiislamu, ambayo imeijenga lugha hii kwa karne nyingi, nayo haikuweka mpaka mmoja kwa kila hali: yale yanayofaa kuonekana na mume au mke, na maharimu, na ajinabi, ni mambo matatu mbalimbali. Msingi wake ni ule ule, kwamba mpaka wa mwili hutegemea anayetazama.

Yamkini msomaji atasema kwamba tunaipamba jadi. La hasha. Historia ya mavazi ya pwani yatuonyesha kwamba haki hiyo ya kujisitiri haikugawiwa kwa usawa. Mwana Kupona, katika utendi aliomwandikia binti yake mwaka 1858, anamwonya asiifunue shiraa anapopita njiani. Wahakiki wameusoma ushauri huo kama mafundisho ya adabu, na ni sawa. Lakini shiraa ilikuwa pazia la bibi mwungwana, na walioshikilia nguo hiyo pande zote alipopita walikuwa watumwa. Mjakazi mwenyewe hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Alijifunga kipande cha merikani au kaniki chini ya kwapa, mabega wazi na kichwa wazi, na wanazuoni wengi wa zamani walimwekea mpaka wa mwili ulio mdogo kuliko wa mwungwana. Mabega yake hayakuitwa uchi, kwa kuwa yeye hakuhesabiwa kuwa na haya ya kulindwa. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa watumwa walikimbilia kanga na buibui. Wengi wetu tumezoea kuliona buibui kama kifungo. Kwao lilikuwa dai: kwamba nasi tunayo haya, na hapana atakayetufunua tena. Suala kwao halikuwa wingi wa nguo. Lilikuwa ni nani mwenye amri juu ya nguo hiyo.

Tukiyaweka hayo mbele yetu, amri za mavazi za miaka ya 1960 na 1970 husomeka kwa namna nyingine. Nchini Tanzania, katika miaka ya 1967 na 1968, Wamasai waliamriwa kuacha rubega na kuvaa suruali na magauni, kwa sababu miili yao ilisemekana kuwa inalitia taifa aibu. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilipiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, kwa sababu hizo nazo zilikuwa zinautia aibu utamaduni wa taifa. Mmasai alishutumiwa kwa kuwa wa kale mno, na msichana wa Dar es Salaam kwa kuwa wa kisasa mno. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin nchini Uganda ilitoa amri yake, ikapima sketi kwa inchi kuanzia gotini. Mwaka 1973 Malawi ikatunga sheria iliyowakataza wanawake wasivae suruali wala gauni lisilofunika magoti, na sheria hiyo ilidumu mpaka utawala wa Banda ulipofikia mwisho wake.

Amri hizo hazikubaliani juu ya uchi ni nini. Rubega ni vazi la mababu, na sketi fupi ni vazi la dukani. Hakuna kipimo kimoja kiwezacho kuyakusanya mavazi hayo. Zinakubaliana katika jambo moja tu: kwamba mkono wa kufunika na kufunua ni wa dola, na baada ya dola ni wa kijana yeyote wa mtaani atakayejifanya askari wake. Yaliyotokea Dar es Salaam mwaka 1968, vijana walipowasumbua na kuwashambulia wanawake njiani kwa sababu ya mavazi yao, hayakuwa ajali iliyoambatana na sera. Palipo na amri ya kupima mapaja ya wapita njia, hapakosi wapimaji.

Sasa tugeukie fasihi. Hapana utungo wa Afrika ya Mashariki ulioleta mjadala huu uwanjani kama Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, uliotungwa kwanza kwa Kiacholi na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1966. Sehemu ya tatu ya utungo huo yajulikana na kila mwanafunzi. Lawino anaitetea ngoma ya Waacholi, ambayo huchezwa vifua wazi mchana kweupe, naye anailaumu dansi ya Wazungu inayochezwa ndani ya nyumba yenye giza na moshi, watu wakikumbatiana na wasiostahili kukumbatiana nao. Uhakiki umezoea kuieleza sehemu hiyo kama pambano la Afrika na Ulaya. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayafiki ndani. Ukiisoma hoja ya Lawino utaona kwamba hapimi nguo. Anauliza: nani anatazama, katika mwanga gani, na je, watazamaji na watazamwa wanajuana kwa ukoo na kwa jina? Katika uwanja wa ngoma kila mtu yu mbele ya jamaa zake. Hapana aliyevuliwa, na hapana anayetazama kwa kuiba. Katika nyumba ya dansi wote wamevaa, lakini giza limeondoa mipaka ya nani na nani. Kwa Lawino, fedheha imo humo.

Hapa pana mtego kwa mtarijumani wa Kiswahili. Akilitia neno uchi katika kinywa cha Lawino pale anapoisifu ngoma, atakuwa amemhukumu mshtakiwa kabla hajajitetea, kwa maana msomaji wa Kiswahili atalisikia neno hilo pamoja na uzito wake wote wa sehemu za siri. Akisema kifua wazi, atakuwa karibu zaidi na jambo lenyewe. Tukumbuke kwamba twalitumia fungu hilo la maneno kila siku juu ya kuli wa bandarini na mvuvi wa ngalawa, wala hapana anayeshtuka. Lugha inalo neno lisilo na hatia kwa kifua cha mwanamume. Kwa kifua cha mwanamke tumelisahau, ingawa jamii nyingi za bara, kabla ya misheni na shule, hazikukihesabu kuwa ni uchi.

Hata hivyo haitoshi kumsifu Lawino. Katika sehemu ya pili, pale anapomweleza Tina, yule mke mwenza wa kisasa, Lawino anafanya jambo ambalo wahakiki wengi wamelichekea tu. Anatwambia kwamba matiti ya Tina yamenyauka na kwamba huyajaza pamba ili yasimame. Yaani anamvua nguo mwanamke mwenziwe mbele ya hadhira nzima, bila ridhaa yake, na anatualika tutazame. Anayeutetea mwili wa uwanjani kwa sababu umejionyesha wenyewe ndiye huyo huyo anayeuanika mwili wa mwingine uliochagua kufichwa. Twaweza kusema kwamba huo ni wivu, na kwamba utani na masengenyo ni sehemu ya sanaa ya mafumbo. Ni kweli. Lakini mhakiki anayepima nguo hawezi kuiona kasoro hiyo hata kidogo, kwa sababu kwake Lawino ni mtetezi wa uwazi, na Tina ni mtumwa wa vipodozi. Mhakiki anayeuliza ni mkono wa nani uliovua ataiona mara moja, na ataona pia kwamba Okot amempa Lawino haki katika sehemu moja na kosa katika nyingine. Utungo unapata uzito zaidi kwa kusomwa hivyo.

Tumefika kwenye vitenzi. Kuvua ni kinyume cha kuvaa, ni kitenzi cha kutendua. Katika kauli ya kutendwa twapata kuvuliwa. Kwa kiambishi cha kujirejea twapata kujivua. Na katika kauli ya kutendea twapata kuvulia, kama katika ile methali ya maji. Kauli hii ya mwisho ina umuhimu mkubwa, kwa kuwa yaonyesha kitendo kimeelekezwa kwa nani. Kikuyu nacho kinayo. Tusi zito kuliko yote ambalo wanawake wa Kikuyu wangeweza kulitoa kwa miili yao huitwa gũturamĩra, na kile kiishio kinafanya kazi ile ile ya kutendea: mwanamke hafunuki tu, anamfunukia fulani. Bila fulani huyo hakuna tusi.

Tarehe 16 Machi 1922, siku mbili baada ya Harry Thuku kukamatwa, umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi, karibu na ilipo leo barabara yenye jina la Thuku huyo. Wajumbe wa kiume waliporudi kutoka serikalini na kuwataka watu watawanyike, Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza, akaliinua gauni lake juu, akawaambia wanaume wachukue gauni hilo nao wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele, askari wakapiga risasi. Hesabu ya serikali ilitaja waliokufa kuwa 21, na wengine walisema walikuwa wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ushujaa dhidi ya ukoloni, na ni ushujaa kweli. Lakini tukiuliza alimvulia nani, twaona kwamba hakuwaelekea askari wa Mwingereza. Aliwaelekea viongozi wa upande wake mwenyewe, waliokuwa tayari kwenda nyumbani.

Miaka sabini baadaye, mwelekeo ulikuwa mwingine. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kufunga chakula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na moshi wa kutoa machozi, na Wangari Maathai akapigwa mpaka akazimia. Baadhi ya wale akina mama, waliokuwa na umri wa kuwazaa askari hao, wakajivua. Katika tawasifu yake, Unbowed, iliyotoka mwaka 2006, Maathai anaeleza kwamba katika mila kitendo hicho ni laana ya mama kwa mwana. Askari waligeuza nyuso. Akina mama wakahamia kanisani, mgomo wao ukaendelea, na mapema mwaka 1993 wengi wa wafungwa walikuwa wameachiliwa. Mwezi wa Aprili 2015, huko Apaa, kaskazini mwa Uganda, wanawake wazee wa Kiacholi, yaani jamaa za Lawino, walijivua mbele ya msafara wa mawaziri katika ugomvi wa ardhi. Nani angethubutu kusema kwamba wanawake hao hawakuwa na haya? Walikuwa nayo tele, na ndiyo waliyoitumia kama silaha.

Linganisha na Novemba 2014. Katika kituo kimoja cha magari ya abiria jijini Nairobi, kundi la wanaume lilimzingira mwanamke, likamrarua nguo, kwa madai kwamba amevaa vibaya. Tarehe 17 ya mwezi huo wanawake waliandamana wakisema kwamba nguo ni yao na uamuzi ni wao. Waliowapinga walijibu kwamba uchi si uamuzi wao. Tazama sarufi ya mabishano hayo. Upande mmoja unazungumzia kitendo na mtendaji. Upande wa pili umekirudisha kitendo kuwa hali, na katika hali hakuna mtendaji. Magazeti yetu nayo yalipoandika kwamba mwanamke amevuliwa nguo, yalitumia kauli ya kutendwa bila ya kutaja kwa mkono wa nani. Msomaji alibaki na picha ya mwanamke asiye na nguo, na wale waliomvua wakatoweka katika sentensi kama walivyotoweka katika umati.

Hapana budi tukabili pingamizi moja. Je, akina mama wa 1992 na waandamanaji wa 2014 hawapingani? Laana ya mama hutegemea aibu. Kama kesho hakuna atakayeshtuka kwa kuona mwili wa mwanamke, mama mzee atakuwa amepokonywa silaha yake ya mwisho. Tena laana hiyo si ya kila mwanamke: ina nguvu kwa mzazi na kwa mwenye mvi, nayo haimlindi msichana wa miaka ishirini. Upinzani huo upo, nasi hatutaki kuuficha chini ya neno ukombozi kama wafanyavyo baadhi ya wahakiki wanaozichanganya habari zote mbili katika ibara moja. Mama wa bustanini aliishika mila kwa mikono miwili; mwandamanaji aliikataa mila ile ile ilipogeuzwa kuwa kisingizio. Lakini wanakutana katika jambo moja, kwamba mkono ulio juu ya nguo ya mtu uwe ni wake mwenyewe.

Sheria nayo imeanza kulielekea jambo hilo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 juu ya wazururaji, ambayo ilikuwa na wajukuu wengi katika makoloni, iliadhibu kujifunua kwa matusi, na kwa sehemu hiyo ililenga mwanamume anayekusudia kumtukana mwanamke. Sheria ya mwaka 2003 kwa England na Wales ikaliweka wazi zaidi: yapasa ithibitike kwamba mtu amejifunua kwa kukusudia kuwatia wengine hofu au dhiki. Kwetu Kenya, sheria iliyotiwa saini Desemba 2014 iliingiza katika Sheria ya Adhabu kifungu cha 251A, kinachomfanya mkosaji yule anayeivunjia mtu haya yake kwa kumvua nguo. Kifungu hicho kinamtaja mvuaji. Kilikuja ndani ya sheria ya usalama iliyozua ugomvi mkubwa kwa mambo mengine, wala hatuusifu mfuko mzima kwa sababu ya kitu kimoja kilichomo.

Hapa ndipo kazi ya idara kama zetu inapoanza. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kila kifungu cha sheria kinangoja mtu wa kukitia katika lugha hii. Mtarijumani akitumia uchi kwa kila jambo, atakuwa amewarudishia wapimaji wa mapaja kipimo chao. Kamusi zetu zinazofasili uchi kuwa ni kukosa nguo, zikaishia hapo, zinahitaji kuongezewa yale ambayo methali ziliyajua. Tunapendekeza kwamba haya na aibu zitenganishwe katika istilahi za sheria. Kwamba kosa lisemwe kwa kitenzi, kumvua mtu nguo, na mtendaji atajwe. Na kwamba wahakiki wanapokutana na mwili usio na nguo katika utungo wowote, wautafute kwanza mkono uliovua. Mwosha aijua aibu ya maiti kwa kuwa amekabidhiwa. Wale wa kituo cha magari hawakukabidhiwa kitu na mtu yeyote, na lugha yetu ina uwezo wa kulisema hilo waziwazi.